Wachezaji Wameingia Dukani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendesha Mchezo

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Jumamosi mchana, Sinza, Dar es Salaam, sebuleni umeme ukiwepo na barazani ukikatika. Kila anayeshika zamu ya kuendesha mchezo kwa mara ya kwanza hunipigia simu wiki hiyohiyo na maswali yaleyale, na karibu nusu yake yanahusu maduka. Si majoka wala mitego. Maduka. Majibu nimeyaweka hapa. Bei na kanuni zilizotajwa ni za toleo la tano la mchezo huo; pale nilipoweka kanuni ya meza yetu nimesema hivyo.

## Kwanza kabisa

Mwendesha mchezo ni nani, na maduka yanamhusu vipi?

Kwenye michezo hii kila mchezaji anavaa uhusika wa mtu mmoja: mpiga upanga, mwizi, mganga, mchawi. Mwendesha mchezo anavaa waliobaki wote. Yeye ndiye mlinzi wa lango, ndiye joka, ndiye mama anayeuza supu njiani, na ndiye mwenye duka. Mtindo huu uliingia sokoni Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na mzunguko wake haujabadilika sana: wachezaji wanashuka shimoni, wanatoka na dhahabu, dhahabu inawawasha, wanatafuta pa kuitumia.

Kitabu cha kanuni kina bei ya upanga. Hakina habari za duka hili, la kijiji hiki, leo asubuhi. Hizo unazitoa wewe, na mara nyingi utapewa sekunde tatu.

Niandae orodha ya bidhaa kabla ya kikao?

Usiandae. Duka langu la kwanza nililiandika kwenye kauntabuku, kurasa mbili, bidhaa 64, kila moja na bei na idadi. Wachezaji wakaingia, wakanunua kamba, kisha wakauliza jina la paka aliyelala juu ya gunia la mchele. Paka niliyemtaja kwa kupamba tu. Robo saa nzima ilienda kwa paka. Bidhaa 63 zilizobaki hazijasomwa na mtu mpaka leo.

Andaa muuzaji, bidhaa zitakuja zenyewe. Ukimjua mtu anayeuza, ukiulizwa kama ana mafuta ya taa utajua jibu bila kufungua daftari, kama unavyojua duka la Mangi wa mtaani kwenu lina nini na halina nini ingawa hujawahi kulihesabu.

Muuzaji huyo nimwandike kwa urefu gani?

Mistari minne. Anaitwaje; anauza nini hasa; leo ana shida gani; na kitu gani hakiuzi hata umpe nini. Mfano kutoka daftari langu: "Babu Misumari. Vyuma na kamba. Kijana wake wa dukani hajaonekana tangu juzi. Nyundo iliyoning'inia mlangoni haiuzwi." Basi. Huyo alitumika vikao kumi na moja.

Mstari wa tatu ndio unaobeba duka. Muuzaji asiye na shida anakuwa mashine ya kutoa bidhaa: weka sarafu, chukua upanga. Mwenye shida anauliza maswali yake, anakosea hesabu kwa mawazo, anampunguzia bei mtu aliyemsikiliza. Mstari wa nne ni chambo. Sijui kwa nini, ila ukimwambia mchezaji kitu hakiuzwi, hicho ndicho anachokitaka.

Bei nizikariri zote?

Tano zinatosha, zote kwa sarafu za mchezo. Mwenge shaba 1. Kamba dhahabu 1. Upanga mrefu dhahabu 15. Dawa ya kuponya dhahabu 50. Deraya kamili ya mabamba ya chuma dhahabu 1,500. Kumbuka dhahabu 1 ni fedha 10, na fedha 1 ni shaba 10.

Kitu kingine chochote kiweke katikati ya hivyo kwa jicho. Koleo la mhunzi? Zaidi ya kamba, pungufu ya upanga: sema dhahabu 2. Kama kitabu kinasema vingine, hakuna aliyeumia. Anayetaka kuhakiki baadaye atazipata bei nyingi bure, kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni za msingi za toleo la tano iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, kwa Kiingereza. Ila usifungue simu katikati ya mchezo. Ukiinamia simu tu, mezani wote wanainamia zao, na kuwarudisha ni kazi.

## Ipo au haipo?

Mchezaji ameuliza kitu ambacho sikukifikiria kabisa. Nijibu nini?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

Nenda Kariakoo, simama Mtaa wa Kongo, uliza kitu chochote. Kijana atakayekudaka hana duka. Hana hata meza. Mtaji wake ni kujua nani ana nini. Mwambie unataka pazia la kijani lenye mistari, atasema "Ipo bosi wangu, kaa hapa dakika mbili", atakusogezea kiti cha plastiki cha mtu mwingine, atapotea uchochoroni, na atarudi na pazia begani, cha juu kikiwa kimeshapachikwa kwenye bei. Pengine ni la bluu. Atakuambia ukilifua litakuwa kijani. Huyo ni winga, na mwendesha mchezo ni winga. Huna stoo. Unachohitaji ni sauti isiyotetereka na dakika mbili.

Sikiliza mawinga wanavyojibu. Kuna "ipo", ambayo haina maneno mengi. Kuna "ipo, lakini": ipo lakini ina kutu, ipo lakini ni ya mtu ameweka rehani, ipo lakini ni ya mkono wa kushoto. Kuna "hiyo hakuna, chukua hii", ambapo mchezaji aliyetaka upinde anaondoka na kombeo na hasira. Na kuna ninayoipenda kuliko zote: "Zilikuwepo, jana alikuja mtu akabeba zote." Hapo lazima mchezaji aulize mtu gani, wewe hujui bado, lakini tayari kuna mtu mjini anayenunua kamba zote.

"Hakuna" tupu, bila mkia, ni mlango uliofungwa kwa ndani. Itumie unapochoka tu.

Nitajuaje lini niamue mwenyewe na lini nirushe dadu?

Kama jibu unalijua, usirushe. Kama utaudhika dadu ikisema vingine, usirushe. Rusha pale ambapo kweli kwako ni sawa tu.

Meza yetu inatumia dadu mbili za ludo, zile za pande sita. Kitu cha kuulizia, si cha kila siku wala si adimu: jumla ya 7 na kuendelea, kipo. Hiyo ni nafasi 21 kati ya 36. Kitu adimu: 10 na kuendelea, nafasi 6 kati ya 36. Ukikosa kwa nukta moja, yaani 6 kwa kitu cha kuulizia au 9 kwa kitu adimu, kipo kwa jirani na winga ameshakimbia kukichukua. Ongeza cha juu.

Chumvi, kamba, mienge, unga: hivyo havirushiwi. Mwendesha mchezo mmoja wa kwetu alirushia chumvi, ikakosekana, na wachezaji wakaanza uchunguzi wa siku mbili kujua nani ameficha chumvi ya mji.

Hatuna dadu za pande nyingi, tufanyeje?

Kwa kujua kitu kipo au hakipo huzihitaji. Karata zinatosha: nyekundu ipo, nyeusi haipo, na yenye picha, iwe ya rangi gani, ipo lakini kuna habari nyuma yake. Katika karata 52 zenye picha ni 12, kwa hiyo habari haziji kila mara zikachosha.

Duka la kijijini litofautiane vipi na la mjini?

Anza na mshahara. Kwenye kanuni, kibarua asiye na ujuzi analipwa fedha 2 kwa siku. Dawa ya kuponya ni dhahabu 50, yaani fedha 500. Ni mshahara wa siku 250. Hebu jiulize nani hapo kijijini ataingia dukani kuinunua, na mwenye duka gani ataifungia mtaji wake rafuni ikingoja. Deraya ya mabamba ni siku 7,500, zaidi ya miaka 20 ya kibarua. Hesabu hiyo ikikukaa kichwani hutahitaji jedwali la ukubwa wa miji.

Duka la kijijini lifanye kama la Mangi: kila kitu kidogo kidogo. Mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, sukari robo. Mishale 20 ni dhahabu 1 kitabuni, kwa hiyo mmoja ni shaba 5, na Mangi atakuuzia mmoja. Wachezaji wetu waliposikia mishale inauzwa mmoja mmoja walicheka, halafu wakaanza kuihesabu vitani, jambo ambalo nilikuwa nimewabembeleza mwaka mzima walifanye.

Mjini, usiulize duka lina nini, uliza uko mtaa gani. Hapa Dar samaki ni Feri, fanicha Keko, mitumba Karume, vinyago Mwenge, nyama inaanzia Vingunguti. Mji wako wa kubuni uugawe hivyohivyo. Mchezaji akitaka hirizi kwenye mtaa wa maseremala, muuzaji anamwelekeza, na maelekezo yenyewe yanakuzalia mji: pita kisima, kata kushoto penye mbuyu, ukisikia nyundo umepitiliza.

Bidhaa zibadilike kwa muda?

Zibadilike kidogo, na kwa sababu moja tu kila mara, ili wachezaji waione. Pwani yetu inakupa sababu ya bure: upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na tende, mazulia na vyombo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, majahazi yalikuwa yakirudi na boriti za mikoko na karafuu. Mji wa bandari kwenye mchezo wako uwe na miezi ya kujaa na miezi ya kukauka. Kwenye kukauka muuzaji ana maneno yake tayari, yaleyale unayoambiwa leo Kariakoo: "Mzigo uko bandarini."

## Bei, kupatana na chenji

Wachezaji wangu wanapatana bei dakika arobaini. Nifanyeje?

Kauli tatu. Muuzaji anataja, mchezaji anajibu, muuzaji anatoa bei ya mwisho. Baada ya hapo ni kulipa au kutoka. Bei ya mwisho kwetu haishuki chini ya robo tatu ya bei ya kitabu, na hilo wachezaji wanalijua, kwa hiyo hawakeshi.

Anayetoka nje anaruhusiwa, mara moja kwa kikao, kurusha dadu ya pande 20, kupima ushawishi wa mhusika wake, ili aitwe: "Njoo basi, leta hiyohiyo." Hakuna mtu wa Dar asiyejua utamu wa kuitwa ukiwa umeshapiga hatua nne. Na maumivu ya kutoitwa pia, ukalazimika kuzunguka mtaa kabla ya kurudi kulipa bei ileile.

Kuna jambo moja nalipima kabla ya kauli zote: salamu. Mhusika kijana akimvamia mzee dukani na "una panga?" bila shikamoo, bei inapanda kimyakimya. Siwaambii. Walikuja kugundua wenyewe baada ya miezi miwili, na sasa hata yule anayecheza jitu la msituni huanza na shikamoo mzee wangu, habari za tangu juzi.

Wamepora mikuki 23 na wanataka kuiuza yote. Duka linanunua?

Kanuni inasema silaha iliyo katika hali nzuri inauzwa kwa nusu bei. Mkuki ni dhahabu 1, nusu yake fedha 5, mara 23 ni fedha 115: dhahabu 11 na fedha 5. Hesabu haina shida. Shida ni kwamba muuzaji wa kijiji cha kaya arobaini hana mteja wa mikuki 23. Atachukua mitatu. Iliyobaki aseme wapeleke mnadani, au ataje bei ya jumla inayochoma roho. Halafu aulize, kwa upole, mikuki imetoka wapi. Hapo ndipo mikuki inapoacha kuwa takataka ya kuorodhesha.

Chenji?

Tumia. Mchezaji akitoa sarafu ya platinamu, ambayo ni dhahabu 10, kununua mwenge wa shaba 1, muuzaji afanye wanavyofanya wote: aigeuzegeuze, aangalie droo, aseme "Sina chenji bosi, huna ndogo?" Amtume mtoto jirani. Mwisho ampe pipi kufidia shaba zilizopungua. Kwetu kuna mhusika aliyetembea na pipi saba za tangawizi kwenye mkoba kikao baada ya kikao, mpaka siku ya mbwa wa lango la mfalme. Upanga haukutoka alani.

Wakiomba mkopo?

Maduka mengi yamebandika karatasi: leo taslimu, kesho mkopo. Lakini ukikubali, umepata uzi wa bei nafuu kuliko wowote, kwa sababu mwenye duka anayedai ataonekana popote utakapomhitaji, hata harusini. Andika deni mbele yao, kwa kalamu, waone.

## Kubuni papo kwa papo

Wauzaji wangu wote wanaongea sawa.

Usibadilishe sauti, badilisha neno la kumwitia mteja. Mmoja anasema "bosi", mwingine "mwanangu", mwingine "dada'angu", mwingine haiti chochote na haangalii usoni. Mpe kila mmoja kazi ya mikono: anapepeta mchele, anahesabu mabunda, anafunga kamba ya gunia kwa meno. Mmoja awe na msemo wake. Yule anayesema "niungishe basi, tangu asubuhi sijauza" ameshaeleza maisha yake yote.

Ukikwama kabisa, mwige mtu anayekuuzia vocha. Hatajua.

Nitageuzaje swali la bidhaa kuwa hadithi?

Nitaeleza moja ilivyokwenda, maana kueleza kwa jumla hakusaidii. Wachezaji wako kwa Babu Misumari. Wamenunua kamba na ndoano. Mmoja, kwa kutania, anauliza:

"Mzee, darubini hamna?"

Darubini kitabuni ni dhahabu 1,000. Duka la misumari haliwezi kuwa nayo. Dadu mbili: tano na sita. Kumi na moja, ipo. Sasa mimi ndiye niliyebanwa.

"Ipo," nikasema, nikainama kama anayevuta kitu chini ya kaunta, ili nipate muda. "Lakini si yangu."

"Ya nani?"

"Nahodha mmoja. Aliweka rehani, akachukua misumari na lami. Akasema anarudi baada ya siku kumi."

"Siku ngapi zimepita?"

Nilisema namba ya kwanza iliyonijia. "Themanini na mbili."

Nahodha huyo sikuwa naye. Meli yake sikuwa nayo. Misumari na lami nilivitaja kwa kuwa duka ni la misumari, na ni mchezaji mwingine, si mimi, aliyesema polepole: "Misumari na lami ni vya kuziba meli. Huyu meli yake ilitoboka, na hajaenda mbali." Nikanyamaza, nikaandika alichosema, na wiki iliyofuata meli ilikuwa imelala mahali hasa alipofikiria.

Mimi nilichofanya pale ni kukubali na kuongeza kitu kimoja kila nilipoulizwa. Kimoja tu. Ukiongeza vitatu unaanza kutunga hotuba, na wao wanaanza kula karanga.

Nitakumbukaje niliyobuni?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na waswahili hawakuwa wakiongea na wafanyabiashara peke yao. Baada ya kila duka andika mstari mmoja: jina, walichonunua, ulichoahidi. Si mazungumzo, ahadi. Uliposema "njoo Ijumaa utakuta mzigo mpya" umekopa, na wachezaji wana kumbukumbu ya mdai.

Nimetaja bei vibaya au nimeuza kisichopaswa kuwepo. Naweza kurudisha kauli?

Kikao hakijaisha, ndiyo: "Jamani, nimekosea, upanga ni kumi na tano si moja na nusu." Watakuzomea kidogo. Kikao kikishaisha, usirudishe, tafuta sababu ndani ya mchezo. Upanga wa bei ya kutupa huwa una mwenyewe anayeutafuta. Ona pia swali linalofuata, ambapo sikusema mapema na nikalipia.

## Hali za pembeni

Duka la vitu vya uchawi liwepo?

Kwetu halipo, na sababu ni buti. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa mwaka 2014 umepanga vitu vya uchawi kwa uadimu: vya kawaida dhahabu 50 hadi 100, visivyo vya kawaida 101 hadi 500, adimu 501 hadi 5,000, adimu sana 5,001 hadi 50,000, na vya hekaya kuanzia hapo. Nikaona buti zenye mbawa ziko kundi la pili, nikaziweka rafuni kwa dhahabu 120. Buti hizo zinakurusha angani kwa muda wa hadi saa nne kwa jumla. Ngome niliyoichora wiki mbili, yenye handaki na mamba, aliyenunua aliivuka kama kunguru. Mto nao akauvuka. Shimo la mitego hakuliona hata rangi.

Uadimu haupimi madhara. Kabla ya kuuza kitu cha uchawi jiulize kinafuta tatizo gani: kuruka kunafuta kuta, kusoma mawazo kunafuta siri, mkoba usiojaa unafuta uzito. Kama tatizo hilo ndilo mchezo wako wa mwezi ujao, hakipo, na "jana alikuja mtu akakibeba". Badala ya duka nina mzee mmoja mwenye kitu kimoja. Kila wakimtembelea ana kimoja, tofauti na cha mwanzo, na pesa hataki.

Wanataka kuiba duka.

Watataka tu, kuna mwizi kwenye kundi. Usikimbilie kuwajazia walinzi. Amua mambo mawili: nani analala ndani, na nani atakayeumia asubuhi. La pili litawatuliza wachezaji wengi kuliko mbwa.

Kama unataka kugeuza meza, tumia chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za watu. Mwenye duka analalamika kwamba kila jioni akifunga hesabu pesa hazifiki, hakuna aliyevunja, kufuli liko palepale. Anawaajiri hao hao waliokuja kuiba wamlindie droo. Sijawahi kuona wezi wakilinda droo kwa uchungu kama ule.

Wanataka kufungua duka lao wenyewe.

Waruhusu, ila mchezo usigeuke uhasibu. Biashara asubuhi, jioni mahesabu: rusha dadu mbili mara moja kwa wiki ya mchezo. Juu, faida, chini, hasara, zikifanana, shemeji anakuja kukopa.

Manunuzi yanaweza kufanyika nje ya kikao?

Ndiyo, grupu la WhatsApp linafaa kwa vitu vya kila siku. Wanaandika wanachotaka mpaka Ijumaa usiku, unajibu "ipo" au "imeisha" na jumla. Vitu vyenye hadithi, kama darubini ile, subirini mezani. Sauti za kurekodi ukiwa muuzaji, usizidishe. Mke wangu aliwahi kusikia moja akaniuliza nani ananidai misumari.

Tunaweza kutumia pesa za kwetu badala ya dhahabu?

Mnaweza, na zina ladha. Ila chagueni zinazogawanyika kirahisi. Nilijaribu rupia ya enzi za Wajerumani, ambayo mpaka mwaka 1904 iligawanywa pesa 64, ndipo ikawa heller 100. Pesa 64. Mchezaji alinunua nazi tatu na ndala, na mchezo ukasimama tukitafuta kikokotoo. Siku hizi nasema rupia na nahesabu kwa mia.

Kuna mtu analipa deraya kwa sarafu taslimu. Sarafu 1,500 zinabebwaje?

Kwenye kanuni sarafu 50 ni ratili moja, kwa hiyo 1,500 ni ratili 30, kilo kumi na tatu na nusu hivi. Mtu mmoja anazibeba, lakini zinaonekana na zinalia. Mfanye avuke soko nazo. Kwanza wanajitokeza wabebaji watatu wanaogombea mzigo, kisha mwenye mkokoteni anayesema bei kabla hajaulizwa, kisha yule winga, ambaye kwa namna fulani tayari anajua mnaenda kununua nini, na anaijua bei nzuri zaidi kwa jirani.